Waya na Skrubu Ziende, Kiatu Kibaki

Kiatu cha baiskeli ya mbio, kile kinachobanwa mguuni kwa waya mwembamba na kunaswa kwenye pedali kwa kliti, hakizeeki mwili mzima kwa mwendo mmoja. Soli yake ngumu, iwe ya nailoni au ya nyuzi za kaboni, hudumu miaka mingi. Sehemu yake ya juu nayo hudumu ikisafishwa na kukaushwa kivulini. Zinazochakaa mapema ni waya, kliti iliyo chini ya soli na skrubu ndogo zinazoishikilia kliti hiyo, kwa kuwa ndizo zinazopokea msuguano wote, tope lote na jasho lote. Pamoja na hayo, viatu vingi hutupwa soli ikiwa bado nzima, kisa waya umekatika au skrubu imegoma kutoka. Ninachotaka kukitetea hapa ni kimoja: waya, kliti na skrubu vimetengenezwa ili viliwe, na kiatu kimetengenezwa ili kibaki. Mwenye kulishika hilo atabadilisha kipande kidogo kabla hakijakatika, na kipande kidogo kikigoma, atakubali kukiharibu hicho ili akiokoe kiatu.

Ushahidi wa kwanza wa hoja hii unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Mfumo wa kubana kiatu kwa waya na kizungushio haukuanzia kwenye baiskeli. Ulibuniwa na Mmarekani Gary Hammerslag huko Colorado, na viatu vya kwanza kuuzwa vikiwa nao, mwaka 2001, vilikuwa vya kutelezea kwenye theluji kwa ubao. Kutoka hapo mfumo ukaenea hadi kwenye viatu vya baiskeli, vya gofu na buti za kazi. Kampuni yake, Boa, hudhamini kizungushio na waya kwa maisha yote ya kiatu vilimofungwa, na hutoa vifurushi vya matengenezo kulingana na aina ya kiatu: waya mpya, kizungushio na vifaa vya kufungulia. Sidi ya Italia, yenye vizungushio vyake yenyewe, kwa muda mrefu imeuza vipuri vya viatu vyake, kuanzia bakli hadi vipande vya kisigino. Kampuni haiwezi kutengeneza kipuri cha kitu ambacho inakusudia kife pamoja na kiatu. Waya ulibuniwa ukijulikana kuwa utabadilishwa, na anayekitupa kiatu kwa sababu ya waya anafanya jambo ambalo hata aliyekitengeneza hakulitarajia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na mchezo huu una wafuasi wake Nairobi, Arusha, Kampala na Dar es Salaam. Kule Kikuyu, David Kinjah, aliyemlea mwendesha baiskeli Chris Froome kimchezo alipokuwa kijana, ameendelea kuwafundisha vijana kuendesha baiskeli na pia kuzitengeneza. Lakini viatu hivi hutoka ng'ambo, na maduka yenye vipuri vyake ni ya kuhesabu. Wengi huvipata kwa mitumba, na kiatu cha mtumba huja na maisha yake ya nyuma: kama mwenyewe wa kwanza alikivaa Ulaya wakati wa baridi, kimepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo imeshaingia kwenye skrubu kabla wewe hujakilipia. Mahali ambapo kiatu kipya ni ghali na kipuri ni adimu, elimu ya kukitunza kilichopo ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Ili kujua lini ubadilishe waya, sharti ujue unavyokufa. Waya wa chuma wa Boa umesokotwa kwa nyuzi 49 za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kila moja nyembamba mno. Sababu ya wembamba huo ni kona. Waya unapokunjwa, upande wa nje wa kila uzi huvutwa na upande wa ndani hubanwa. Uzi ukiwa mnene na kona ikiwa kali, chuma huchoka upesi. Kwa kuugawa waya katika nyuzi nyingi nyembamba, mbunifu ameuwezesha kupita kwenye kona za kiatu na kujikunja ndani ya kizungushio maelfu ya mara bila kuvunjika. Adui anayevunja hesabu hiyo ni mchanga. Chembe zake hunasa kwenye vipitishio vinavyouongoza waya, hasa kile cha chini karibu na vidole ambako tairi la mbele hurushia tope, na kila ukibana au kulegeza kiatu, waya husuguliwa na chembe hizo hizo. Nyuzi za nje hukatika moja baada ya nyingine, zilizobaki hubeba mzigo wa zilizoondoka, na siku ya mwisho waya wote huachia kwa kishindo kimoja, mara nyingi ukiwa katikati ya mlima, pale unapouhitaji zaidi.

Kwa hiyo kukatika kwa waya si ajali ya ghafla. Ni habari iliyotangazwa wiki kadhaa kabla, na kazi yako ni kuisikia. Chukua kipande cha pamba au karatasi laini ya chooni, ukipitishe polepole juu ya waya wote huku ukiulegeza ili sehemu iliyofichwa ndani ya vipitishio nayo itoke. Pamba ikinasa popote, hapo pana uzi uliokatika. Usitumie kidole, kwani nyuzi hizo huchoma kama miiba. Dalili nyingine ni kiatu kubana kwa kushtukashtuka badala ya kubana taratibu, kizungushio kuruka meno kinapofikia mkazo, au waya kukataa kulegea ukikifungua. Hiyo ya mwisho mara nyingi haina maana kwamba waya umechakaa. Ina maana kwamba umejiviringa vibaya ndani, jambo linalotokea mtu anapozungusha kizungushio kiatu kikiwa hakina mguu na waya umelegea. Ukague waya kila mwezi kama unapita barabara za vumbi au tope, na uzi mmoja tu ukionekana umekatika, agiza mpya siku hiyo hiyo. Huo ndio uamuzi wa kwanza unaotokana na hoja yetu: kipuri cha kuliwa hakingojewi hadi kiishe, hasa mahali ambapo kukipata kunaweza kuchukua wiki nyingi.

Ukishaagiza, zingatia kwamba nyaya hizi hazifanani. Zipo za chuma na zipo za nyuzi laini zilizofumwa kama kamba, na kila kizungushio kina waya wake. Tafuta jina na namba ya kiatu, ambazo kwa kawaida huwa kwenye kibandiko ndani ya ulimi, kisha piga picha ya kizungushio kwa karibu na uitume pamoja na maombi yako. Waya mpya ukifika, piga picha nyingine ya njia nzima ya waya wa zamani kabla hujagusa chochote, maana njia hiyo hupita juu na chini ya ulimi kwa mpangilio ambao kumbukumbu huuchanganya. Vizungushio vingine hufunguliwa kwa skrubu ndogo iliyo katikati. Vingine vina ufa mdogo pembeni ambao ukitiwa ncha ya bisibisi bapa, kiini chake hutoka. Usikisie aina yako. Karatasi ya maelekezo ya kifurushi huonyesha hatua kwa picha, na plastiki iliyolazimishwa upande usio wake haina dawa. Toa waya wa zamani, ulaze kando ya mpya ulinganishe urefu, safisha kila kipitishio kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mpya ukifuata picha. Mwishoni vaa kiatu ndipo uzungushe, ili waya ujikunje ukiwa umekazwa.

Hapa ndipo hujitokeza pingamizi ambalo mafundi wengi hulitoa kwa nia njema: kwa nini kuagiza kitu kutoka mbali wakati waya wa gia ya baiskeli upo kila duka? Jibu limo katika kona zilizotajwa. Waya wa gia umesokotwa kwa nyuzi chache zilizo nene, nao ulibuniwa kuvuta kwa mstari karibu ulionyooka ndani ya ala yake. Ukiulazimisha kupita kwenye kona za kiatu, utakuwa mgumu, utachoka upesi na, kibaya zaidi, utazichimba njia za plastiki ambazo ni sehemu ya kiatu chenyewe. Mshipi wa kuvulia samaki nao una kasoro yake. Ule wa nailoni hunyumbuka, hivyo kiatu hulegea kila unapokanyaga kwa nguvu. Ule wa kufumwa haunyumbuki lakini ni mwembamba na huteleza kwenye fundo, na ukikazwa huikata plastiki. Katika njia zote hizo kitu cha bei ndogo kimeokolewa kwa gharama ya kitu cha bei kubwa. Waya ukikukatikia njiani, afadhali ufunge kiatu kizima kwa ukanda wa mpira wa tyubu, upitishe chini ya tao la mguu nyuma ya kliti, uende nyumbani polepole. Mpira huo hauharibu chochote.

Lipo pingamizi la pili, nalo lina haki zaidi: kama waya una usumbufu wote huu, kwa nini usitumie kamba za kawaida? Kwa atakayenunua kiatu kipya na anayejua kwamba hatapata vipuri kwa urahisi, kiatu cha kamba ni chaguo la busara kabisa, na wapo waendesha baiskeli hodari wanaokipendelea. Hata kiatu cha waya kinaweza kugeuzwa ikiwa vipitishio vyake ni vya kitambaa na vipana vya kutosha kupitisha kamba nyembamba iliyo imara. Utakachokikosa ni uwezo wa kukaza au kulegeza kiatu ukiwa safarini mguu unapovimba kwa joto, na mgandamizo ulio sawa kutoka vidoleni hadi kifundoni. Kwa safari za kawaida hasara hiyo ni ndogo. Sharti ni kutokata wala kung'oa kitu chochote kwenye kiatu wakati wa mageuzi, ili waya halisi ukipatikana urudi mahali pake. Kamba hapo haipingani na hoja yetu. Ni mfano mzuri wake, kwa kuwa nayo ni kipande cha kuliwa kinachokiacha kiatu kikiwa salama.

Tukigeukia chini ya soli, tunakuta skrubu, na hapa suala linavuka mipaka ya uchumi. Kliti za aina ya SPD, ambazo kampuni ya Shimano ilizileta sokoni mwaka 1990, hushikiliwa na skrubu mbili. Moja ikilegea au kudondoka, kliti huanza kuzunguka juu ya ile iliyobaki. Mwendeshaji anapopinda kisigino ili atoe mguu, kiatu huzunguka lakini kliti inabaki imenaswa kwenye pedali, na mguu hautoki. Kwenye taa za barabarani, katikati ya daladala, matatu na malori, mtu huyo ataanguka na baiskeli yake upande asiouchagua. Kliti iliyolika sana nayo huleta hatari ya kinyume: mguu huchomoka wakati umesimama ukikanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo skrubu iliyogoma haiwezi kuachwa ilivyo kwa hoja kwamba bado inashikilia. Skrubu usiyoweza kuifungua ni skrubu usiyoweza kuikaza, na kliti iliyo chini yake huwezi kuibadilisha.

Skrubu hugoma kwa sababu tatu, na kila moja ina tiba yake. Ya kwanza ni kutu: skrubu ni ya chuma, kibati chenye matundu kilicho ndani ya soli nacho ni cha chuma, na katikati yao yanaingia maji ya mvua, jasho na, kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja, hewa yenye chumvi ya bahari. Kutu ni kubwa kwa ujazo kuliko chuma ilichokila, hivyo huijaza nafasi kati ya nyuzi za skrubu na kuzibana. Ya pili ni tope lililokauka ndani ya tundu la pembe sita ambamo ufunguo wa aleni unapaswa kukaa. Ufunguo ukiingia nusu tu, hushika ukingo wa juu na kuuviringisha. Ya tatu ni mkono wa binadamu, yaani skrubu iliyokazwa kupita kiasi, au iliyopakwa gundi ya kufungia nyuzi na mtu aliyeogopa isilegee. Tazama kwamba katika sababu zote tatu tundu la skrubu ndilo linaloviringika kwanza ikiwa utatangulia na nguvu. Pembe hizo sita ndizo mtaji wako wote. Ukizipoteza mwanzoni, kazi ya dakika 10 inageuka kazi ya mchana mzima.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa huanza na jambo jepesi na kuishia na zito, na nguvu huja mwisho. Anza kwa kuchora mstari kuzunguka kliti kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu magoti yako yamezoea mkao huo na kliti mpya ikikaa pembeni kidogo yatakulalamikia. Kwangua tope lote ndani ya matundu kwa msumari mwembamba au sindano nene hadi uone chuma kitupu chini. Toa ulalo wa ndani wa kiatu. Mara nyingi utakuta kibandiko au kifuniko, na chini yake kile kibati chenye matundu. Dondoshea matone machache ya mafuta ya kupenya kutoka juu na kutoka chini, uache usiku kucha. Mafuta ya taa hufanya kazi hiyo pia, ila polepole zaidi. Tumia matone, usimwage, maana mafuta mengi hulainisha gundi ya soli, na yafute kabla kiatu hakijasogea karibu na breki za baiskeli. Asubuhi, weka gogo dogo ndani ya kiatu ili soli isibonyee, ingiza ufunguo wa aleni wa milimita 4 ulio mpya au uliosawazishwa ncha kwa tupa, ugonge kichwani mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kuikaza skrubu kidogo kabla ya kuifungua. Pigo la nyundo na mtikiso wa kukaza huvunja kutu bila kuzungusha pembe za tundu. Skrubu nyingi zilizoonekana zimeshindikana hutoka katika hatua hii.

Ikiwa bado imegoma na unashuku gundi, joto ndilo dawa, lakini joto la mahali pamoja. Kichomeo cha risasi kinachotumiwa na mafundi redio kikiwekwa ncha ndani ya tundu la skrubu kwa dakika chache hupasha skrubu peke yake, huilainisha gundi na kukitanua chuma. Kibiriti cha gesi na jiko la mkaa visikaribie kiatu, kwani nailoni huyeyuka, na gundi inayoshikamanisha nyuzi za kaboni hulegea kwa joto lisiloweza kukidhuru chuma. Soli iliyolegea hivyo haiponi. Ndiyo maana joto, hata linaposaidia, lazima lilenge kile kinachoweza kutolewa sadaka, na lisiguse kile tunachokilinda.

Tundu likishaviringika, wengi huona mwisho umefika. Kwa kanuni yetu, hapo ndipo uhuru unapoanza, kwa sababu skrubu na kliti sasa ni mali ya kuharibiwa. Chukua ncha ya bisibisi ya nyota yenye pembe sita, ile ya saizi T25, uipige kwa nyundo ndani ya tundu lililoviringika. Ni kubwa kidogo kuliko tundu la milimita 4, hivyo hujichimbia njia na kushika. Ikishindikana, kata mfereji juu ya kichwa cha skrubu kwa msumeno wa chuma au tupa nyembamba, ukiikata na kliti yenyewe ikibidi, kisha tumia bisibisi bapa pana. Mwisho kabisa ni drili. Skrubu hizi zina unene wa milimita 5. Toboa kichwa katikati kwa ncha ya milimita hizo hizo, polepole, mpaka kichwa kitengane na kliti ing'oke. Skrubu iliyopoteza kichwa huwa imepoteza pia mkazo uliokuwa ukiibana, na kipande kinachobaki mara nyingi hutoka kwa kukishika na koleo. Vaa miwani ya kazi, na ukiwa karibu na soli ya kaboni, funika pua, kwa kuwa vumbi lake si la kuvutwa mapafuni. Hata kipande hicho kikikataa, viatu vingi vya skrubu mbili vina kibati chenye matundu manne: unahamia jozi nyingine ya matundu, au unakibadilisha kibati chote kutokea ndani. Kila hatua katika mlolongo huu inakula chuma cha bei ndogo, na hakuna inayogusa soli.

Skrubu ndogo zinazoshikilia kizungushio zinahitaji tabia tofauti. Hizo hazikufungwa kwenye chuma. Zimefungwa kwenye plastiki, na hatari yake kubwa ni nyuzi za plastiki kuliwa. Tumia bisibisi ya saizi yake halisi, ile inayokuja na kifurushi, ushike kwa vidole vitatu, wala usitumie drili ya umeme kwa kufungua au kufunga. Wakati wa kurudisha, zungusha kwanza kinyume taratibu mpaka usikie skrubu ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo uanze kukaza. Msingi wa kizungushio ukipasuka, usiugundishe kwa gundi ya papo hapo, kwani itatiririka kwenye meno na kuyafunga. Misingi mingine imeshonwa kwenye kiatu, na fundi viatu mwenye cherehani ya ngozi anaweza kuitoa na kushona mpya. Kazi hiyo mpe yeye, maana mkono wake unaijua ngozi kuliko mkono wa fundi baiskeli.

Kufunga upya ndiko kunakoamua kama taabu hii itarudi. Safisha nyuzi za kibati kwa mswaki, paka skrubu mpya grisi kidogo, uzianzishe kwa vidole ili zisiingie upande, kisha kaza kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo. Shimano hupendekeza nyutoni mita 5 hadi 6 kwa skrubu za kliti. Kama huna spana ya kupimia, kilo 5 zikining'inia mwisho wa ufunguo wenye urefu wa sentimita 10 hutoa karibu nyutoni mita 5, na ukilijaribu hilo mara moja kwa mfuko wa sukari mkono wako utalikumbuka. Wapo wanaopinga grisi wakidai kwamba hufanya skrubu ilegee. Kinachoishikilia skrubu ni mvutano wake baada ya kukazwa; grisi hupunguza msuguano wa kukazia, hivyo nguvu ile ile ya mkono huleta mvutano mkubwa zaidi, na wakati huo huo huzuia maji kuingia. Asiyeridhika atumie gundi ya kufungia nyuzi ya nguvu ya kati, inayoweza kufunguliwa kwa zana za mkono, lakini asichanganye viwili hivyo. Kwa vyovyote vile, kaza tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa kliti mpya hujikita kwenye soli na kuacha skrubu zikiwa zimelegea kidogo.

Mwisho kuna atakayesema kwamba saa zote hizi hazilipi, kwamba kiatu kilichozeeka kiache kizeeke na fedha zitafutwe za kingine. Hoja hiyo ina mahali pake: soli ikiwa imepasuka, au kisigino kimepoteza umbo, matengenezo ya waya ni kupaka rangi nyumba iliyobomoka. Lakini hicho ndicho kipimo pekee. Kagua soli na kisigino kwanza, na kama viko sawa, kiatu kiko sawa, hata kama waya umekatika na skrubu zote nne za jozi hiyo zimeota kutu. Wapo pia watakaosema fundi atafanya yote. Fundi mzuri anastahili kazi na malipo, ila ni wewe unayekiona kiatu kila siku, na uzi wa kwanza unaokatika hautamfikia yeye mpaka umekatika wote.

Basi jioni hii geuza viatu vyako. Pitisha pamba juu ya waya, kwangua matundu ya skrubu, jaribu kila moja kama bado inafunguka, uipake grisi na kuirudisha. Zinazofunguka leo zitafunguka mwakani. Zinazogoma, anza nazo sasa, kabla ya msimu wa mvua, pembe zake zikiwa bado nzima. Na ndugu yako anaporudi kutoka ng'ambo, mwombe akuletee waya mmoja wa akiba na pakiti ya skrubu, uviweke ndani ya droo. Kiatu kizuri hakihitaji zaidi ya hapo ili kikutumikie miaka mingi.